Ala ya ngozi ya bastola imelegea: niifinyange upya, nipake nta au ninunue ya plastiki?

Bahari_Tanga
Wakuu, salaam. Nina ala ya ngozi, ile ya kuvaa ndani ya suruali. Siku hizi bastola inaingia na kutoka bila kushikwa kabisa, na nikiinama inapanda. Nina njia tatu kichwani: niiloweshe na kuifinyanga upya, niipake nta ngumu, au niachane na ngozi ninunue ya plastiki ngumu. Jumamosi nakwenda Dar, nikiamua kununua itakuwa siku hiyo. Ipi bora?

Mshono_Mbili
Mkuu, bado hujatupa cha kushika. Bastola gani? Ngozi ya magome (iliyotengenezwa kwa dawa ya magome ya miti) au ya kromu (iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu)? Umekuwa ukiipaka nini? Ina skrubu ya kubana? Ala hulegea kwa sababu nyingi, na dawa ya sababu moja huharibu penye nyingine.

Bahari_Tanga
Ceska. Ngozi ya kahawia. Skrubu haina. Ikikauka naipaka mafuta ya nazi.

Mshono_Mbili
Ceska, yaani CZ, ipi? Slaidi (kipande cha juu kinachorudi nyuma) ya CZ 75 inapita ndani ya fremu, kwa hiyo sehemu ya juu ni nyembamba. P-10 slaidi yake ni pana. Ala iliyofinyangwa kwa P-10 haitaishika 75 hata ikiwa mpya.

Ngozi nayo itazame kwenye ukingo uliokatwa. Ukiona ubluu au kijivu katikati, hiyo ni kromu, usihangaike kuilowesha: itakauka na kurudi ilivyokuwa. Ikiwa kahawia mpaka ndani, ni ya magome, hiyo hushika umbo.

Nta_Asilia
Chanzo umekitaja mwenyewe: mafuta ya nazi. Mafuta huingia kati ya nyuzi za ngozi yakazifanya ziteleze. Kwa kiatu ni jambo jema, kwa ala ni hasara, maana ala hushika bastola kwa ugumu wake. Tena mafuta ya nazi huganda chini ya nyuzi joto 24. Ukipanda nayo Lushoto, asubuhi utakuta utando mweupe juu ya ngozi udhani ni kuvu. Ipulizie kwa mashine ya kukaushia nywele: ikiyeyuka ni mafuta, isipoyeyuka na ikawa na harufu ya uvundo ni kuvu.

Mimi nasema nta. Nta ya nyuki na mafuta, uzito sawa kwa sawa, yeyusha kwenye bakuli lililokaa juu ya maji ya moto. Paka nje tu, safu nyembamba, kisha sugua kwa brashi. Ndani usiguse, nta hunasa vumbi na vumbi hukwangua chuma.

Fundi_Chumbageni
Nta hailirudishi umbo lililopotea, inalinda lililopo. Kama ngozi ni ya magome, aifinyange kwanza, nta baadaye. Lakini mafuta yakiwa mengi maji hayaingii, kwa hiyo aanze kwa kuyatoa: aifukie ala kwenye wanga wa mahindi mkavu siku nzima, aikung'ute, abadilishe wanga, arudie. Kisha aifute kwa kitambaa chenye unyevu na sabuni ya gliserini.

Kabla ya kufinyanga, magazini itoke, risasi zitoke, chemba ikaguliwe kwa jicho na kwa kidole, na risasi ziwekwe chumba kingine. Ukipata mfano wa plastiki wa bastola hiyo hiyo ni bora zaidi. Bastola yenyewe ifungwe tabaka mbili za nailoni, kwa sababu tanini (ile dawa ya magome) ya ngozi iliyolowa ikigusa chuma huacha doa jeusi, na kutu hufuata.

Ala izame kwenye maji ya kawaida sekunde 10 hadi 15. Itoe, subiri mpaka rangi ya juu ianze kurudi. Ingiza bastola, kandamiza kwa vidole gumba na mgongo wa kijiko laini kuzunguka kinga ya triga na dirisha la kutolea maganda. Kwenye kilengeo cha mbele weka kijiti chembamba ili kipate njia, la sivyo kitakwaruza kila ukichomoa. Toa bastola, kausha kivulini kwenye feni saa 24, Tanga mvua ikinyesha hata 48. Usiiweke kwenye dashibodi ya gari wala jikoni: ngozi iliyolowa ikipata joto kali husinyaa ikawa kama mfupa, na hairudi.

Zamu_Usiku
Kazi yote hiyo ya nini? Plastiki hailiwi na jasho, ina skrubu ya kubana, ukichafua unaosha kwa maji.

Mshono_Mbili
Na skrubu hulegea yenyewe usipotia gundi ya bluu, ile ya kuzuia skrubu isilegee, kwenye nyuzi zake. Mchanga ukiingia ndani ya plastiki, slaidi inapigwa mistari. Ngozi angalau haina kelele.

Fundi_Chumbageni
Plastiki ina jambo moja ambalo sibishani nalo: mdomo wake haukunjiki. Kuna ala iliyoletwa ibadilishwe uzi tu, uzi ulikuwa mzima. Kasoro ilikuwa mdomoni. Ilikuwa imelowa mafuta ya ng'ombe miaka, sehemu ya sentimita 2 imelainika kama kitambaa na imejikunja ndani. Pale kwenye mkunjo palikuwa na alama nyeusi ya kusuguana, usawa wa triga hasa. Maana yake kila bastola iliporudishwa, ule ulimi wa ngozi uliingia kwenye kinga ya triga. Ukisukuma kwa nguvu siku moja, ngozi ndiyo itakayovuta triga, na mtutu umeelekea pajani. Ile haikushonwa, ilikatwa vipande ili asije mwingine akaivaa.

Kwa hiyo @Bahari_Tanga, ala ikiwa tupu mdomo ubaki wazi wenyewe. Ukijifunga, usiifinyange, itupe.

Nta_Asilia
Na usiku bastola isilale ndani ya ngozi, hasa pwani. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa. Vifungo vya shaba vitatoa kutu ya kijani, na chuma kitafuata.

Zamu_Usiku
Sasa nimevutika. Ngozi ya magome ya mm 3 hadi 3.5 inapatikana wapi? Miti ya miwati ya Njombe ipo, tanini ipo, lakini madukani naona ngozi laini ya mikoba tu.

Mshono_Mbili
Waulize watengeneza soli na mikanda ya kazi, siyo wa mikoba. Chukua sehemu ya mgongo, ya tumbo hutanuka.

Bahari_Tanga
Nimetazama ukingo, kahawia mpaka ndani. Mdomo nimeukunja kwa kidole, unarudi, ila polepole.

Fundi_Chumbageni
Polepole kiasi gani? Toa mafuta kwa wanga kwanza, kisha ujaribu tena kabla ya Jumamosi.

Mshono_Mbili
Na Ceska ipi?