Faili la .mdb la Epi Info ndani ya R: kiendeshi kinakataa, kisha idadi ya mistari haikubaliani

Mdadisi_wa_Ziwa

Wanajukwaa, habari za kazi. Ninasimamia data za utafiti mdogo wa malaria kwa watoto walio chini ya miaka 5. Taarifa zake ziliingizwa kwa Epi Info 7, programu ya kuingizia na kuchambulia data za afya, na mwenzetu aliyekuwa akiziingiza amehamia kituo kingine, akaniachia faili moja la .mdb (hifadhidata ya Microsoft Access yenye majedwali ya data) na jingine dogo la .prj (maelezo ya mradi wa Epi Info). Ninataka kuzichambua kwa R, kwa kuwa ndiyo programu niliyojifunza na hatuna fungu la kulipia leseni ya nyingine. Kompyuta yangu ina Windows 10 na R 4.3, na Office iliyomo ni ya biti 32, tena haina Access.

Nilianza na kifurushi cha RODBC, ambacho huiunganisha R na hifadhidata, na amri yake ya odbcConnectAccess, R ikanijibu kwamba amri hiyo inafaa kwa Windows ya biti 32 pekee. Nikapakua kiendeshi cha Access (programu ndogo inayoziwezesha programu nyingine kusoma mafaili ya Access) cha biti 64 ambacho Microsoft hukitoa bure, nacho kikakataa kusimikwa kwa maelezo kwamba tayari kuna Office ya biti 32. Je, kuna njia ya kuyafikia majedwali hayo bila kununua Access na bila kuigusa Office ambayo ofisi nzima inaitegemea?

Bi_Jedwali

Ndugu Mdadisi, tatizo lako halimo ndani ya faili. R yenyewe haijui kusoma .mdb: RODBC hubisha hodi kwa kiendeshi cha ODBC, yaani njia ya pamoja ya programu kuzungumza na hifadhidata, na kiendeshi ndicho kinacholifungua. Kwa kuwa kiendeshi hupakiwa ndani ya programu ile ile inayokiita, R ya biti 64 haiwezi kutumia kiendeshi cha biti 32, hata kama kipo na ni kizima. Zamani tulikwepa jambo hili kwa kufungua R ya biti 32, iliyokuwa ikisimikwa pamoja na ile ya biti 64, lakini kuanzia R 4.2.0 iliyotoka Aprili 2022 toleo la biti 32 kwa Windows liliondolewa.

Ninachokushauri ni kusimika R 4.1.3 kando ya hiyo uliyonayo, kwani matoleo mawili ya R hukaa kwenye kompyuta moja bila kugombana. Fungua ile ya biti 32. Windows huja na kiendeshi cha zamani cha biti 32 kinachosoma .mdb, ingawa .accdb, muundo mpya zaidi wa Access, hakiiwezi, kwa hiyo huenda usihitaji kupakua kitu kingine. Soma majedwali, uyahifadhi kwa saveRDS, kisha urudi kwenye R 4.3 uendelee na kazi, maana faili la .rds halijali liliandikwa na R ya biti ngapi.

Unaposoma kwa sqlFetch au sqlQuery, amri za RODBC za kuleta data, weka as.is = TRUE. Usipofanya hivyo, RODBC itayatazama maandishi, ikiona yanafanana na namba itayageuza kuwa namba, na kaya yenye namba 007 itakuwa kaya 7. Mimi niliwahi kupoteza siku mbili nikijiuliza kwa nini jedwali la kaya haliungani na la watoto, kumbe upande mmoja sufuri zilikuwa zimeliwa.

Kompyuta_ya_Mkopo

Kwa heshima, naona mnazunguka mbuyu. Tafuta jirani mwenye Access, fungua faili, toa kila jedwali kama CSV (faili la maandishi ambalo R hulisoma moja kwa moja), na kazi imekwisha.

Pwani_Linux

Ndugu Kompyuta_ya_Mkopo, ushauri wako unafaa kwa faili linalosomwa mara moja tu. Likiwa bado linaongezewa taarifa kila mwezi, mkono utachoka, na siku moja jedwali moja litasahaulika bila mtu kugundua. Tena hizi ni taarifa za afya za watoto, na sidhani kwamba kamati ya maadili ingefurahi kusikia zimepita kwenye kompyuta ya jirani.

Kama unaweza kupata mashine yenye Ubuntu, aina mojawapo ya Linux, simika mdbtools, programu huria inayolisoma faili moja kwa moja bila kiendeshi chochote cha Microsoft. Amri ya mdb-tables itakuorodheshea majedwali, na mdb-export italitoa jedwali moja moja kuwa CSV. Ukipenda kubaki ndani ya R, amri ya mdb.get katika kifurushi cha Hmisc inaiita mdbtools hiyo hiyo kwa niaba yako.

Angalia tarehe kwa makini, kwa sababu mdb-export isipoelekezwa huandika mwezi, siku, kisha mwaka wa tarakimu mbili. R inaposoma mwaka wa namna hiyo, 69 hadi 99 huihesabu kuwa ya karne iliyopita, na 00 hadi 68 kuwa ya karne hii. Kwa watoto wako hutaona kasoro yoyote, lakini bibi wa mtoto aliyezaliwa mwaka 1948 ataandikwa kuwa atazaliwa 2048. Iamuru itoe tarehe kwa mpangilio wa %Y-%m-%d kupitia chaguo la -D, na katika matoleo mapya uongeze -T kwa safu zenye tarehe pamoja na saa.

Mdadisi_wa_Ziwa

Nawashukuru sana. Nimefuata njia ya Bi_Jedwali na majedwali yamefunguka, sufuri zikiwa mahali pake. Hata hivyo nimekutana na jambo linalonitia wasiwasi zaidi kuliko kiendeshi. Fomu yetu inaitwa Mtoto, lakini ndani ya faili nimekuta Mtoto, Mtoto1 na Mtoto2. Jedwali la Mtoto halina jibu hata moja la dodoso, ila safu kama GlobalRecordId (kitambulisho cha kila rekodi) na RecStatus (hali ya rekodi), na majibu yamo katika hayo mawili yenye namba. Nimeyaunganisha hayo mawili nikapata mistari 1,204, ilhali Epi Info yenyewe inaniambia kuna rekodi 1,187. Je, nimeunganisha vibaya?

Bi_Jedwali

Hujaunganisha vibaya, umeliacha nje jedwali lenye jibu. Epi Info 7 huhifadhi kila ukurasa wa fomu katika jedwali lake, ndiyo maana fomu yako ya kurasa mbili ina Mtoto1 na Mtoto2, na jedwali lisilo na namba ndilo linaloshika taarifa kuhusu rekodi yenyewe. Mtu akifuta rekodi kwenye skrini ya kuingizia data, Epi Info haiiondoi ndani ya faili, bali hugeuza RecStatus kutoka 1 kuwa 0, kisha kwa kawaida huificha wakati wa uchambuzi. R haijui desturi hiyo, hivyo inakuletea zilizo hai na zilizofutwa pamoja.

Anza na jedwali la Mtoto, ubakize mistari yenye RecStatus kubwa kuliko 0, kisha uunganishe Mtoto1 na Mtoto2 kwa GlobalRecordId. Usiunganishe kwa kufuata mpangilio wa mistari, hata ukiona majedwali yana idadi sawa, kwa sababu hakuna kinachohakikisha kwamba mstari wa 50 hapa ni mtoto yule yule wa mstari wa 50 pale. Zile 17 zinazozidi usizitupe kabla ya kuzisoma.

Mdadisi_wa_Ziwa

Nimefanya hivyo na nimepata 1,187 kamili. Kati ya zile 17, 15 ni za siku ya mafunzo, kwani mahali pa jina pameandikwa “jaribio”. Mbili zilizobaki zina namba halisi za kaya, tarehe ya kupimwa na jibu la kipimo, na watoto hao hawaonekani tena mahali pengine popote katika data. Fomu za karatasi zimo ndani ya makasha stoo, na Jumatatu nitazitoa nione kama zilifutwa kwa makusudi.