Kingamwili ya sungura dhidi ya IL-1β: kilodaltoni 31 inatoka, 17 haitoki

BintiChake
Assalaam alaykum wataalamu. Nipo Chake Chake, natumia kingamwili poliklonali ya sungura dhidi ya interleukini-1 beta (IL-1β) ya binadamu, proteini ya kuchochea uvimbe, kwa bloti ya western: kutenganisha proteini kwenye jeli kwa ukubwa, kuzihamishia kwenye utando, kisha kuitafuta moja kwa kingamwili. Seli ni THP-1, za damu ya binadamu: PMA (ya kuzikomaza) nanomola 100 usiku kucha, LPS (sumu ya bakteria, ya kuziamsha) mikrogramu 1 kwa mililita saa 4, kisha nijerisini (ya kuwasha ukataji wa IL-1β) mikromola 10 dakika 45. Nimepasua seli, nikapakia mikrogramu 30 kila kisima kwenye jeli ya asilimia 12. Mstari wa kilodaltoni (kipimo cha uzito wa proteini) 31 uko wazi kabisa, wa 17 haupo, na karibu na 55 kuna mstari mnene nisioujua. Mzigo wa kingamwili ulikuja kwa boti kutoka Unguja, barafu imeshayeyuka. Ndiyo imeharibika?

MpimaProteini
Waalaykum salaam dada. Ingekuwa imekufa, hata 31 usingeiona. Wewe unatafuta pasipo na kitu. Hiyo 31 ni proteini kabla haijakatwa, na hukaa ndani ya seli. Kimeng'enya kaspesi-1 kikishaikata, kipande cha 17 hutoka nje, kwa hiyo kimo kwenye maji ya kukuzia seli, yale ambayo watu huyamwaga.

Hatua ya nijerisini ifanye kwenye RPMI (maji ya kukuzia seli) isiyo na seramu, maana albumini ya seramu, kilodaltoni 66, itakijaza kisima chote. Kusanya maji, yazungushe kwa mashine 500 g (mara 500 ya mvutano wa dunia) dakika 5 kuondoa seli, uchukue mikrolita 500 za juu. Tia methanoli mikrolita 500 na klorofomu 125, tikisa kwa nguvu, zungusha 13,000 g dakika 5. Utaona matabaka mawili na baina yake ukoko mweupe mwembamba, umelala kama utandu wa maziwa. Hiyo ndiyo proteini yako. Inamisha mrija, fyonza tabaka la juu pole pole, ukoko usiuguse. Ongeza methanoli 500, zungusha tena, mwaga, kausha nyuzi 55 dakika zisizozidi 10. Ikikauka mno haiyeyuki tena, na hapo ndipo wengi huipoteza. Yeyusha kwa bafa ya sampuli mikrolita 40, nyuzi 95 dakika 5, upakie yote.

Na kabla ya hayo yote, soma karatasi ya kingamwili: sungura alichanjwa kwa kipande gani? Proteini nzima ina amino asidi 269, na kaspesi-1 hukata baada ya ya 116. Kama peptidi ya chanjo imetoka kabla ya hapo, 17 hutaiona kabisa hata ufanye nini.

FundiBloti
Jeli iwe asilimia 15, na utando wa PVDF (plastiki inayoshika proteini) uwe wa matundu ya mikromita 0.2. Ule wa 0.45 kipande kidogo hivyo hupenya upande wa pili. Kuhamisha ni volti 100, saa moja, tangi ndani ya barafu. Joto la huku si la mchezo, badilisha barafu katikati ya safari. Halafu paka Ponceau (rangi ya kuonyesha proteini zilizohamia) kabla ya kuziba nafasi tupu za utando.

MwanaKinga_Unguja
Nizungumzie hiyo 55. Poliklonali ni mkusanyiko wa kingamwili nyingi, kila moja inashika sehemu yake, na baadhi yake hushika kitu kisichohusika kabisa. Usiuamini mstari wowote mpaka uufanyie majaribio mawili. Kwanza, kata kipande cha utando, ukipe kingamwili ya pili (ile inayoishika ya sungura na kutoa ishara) peke yake. Mstari ukibaki, lawama ni ya ile ya pili. Pili, pakia THP-1 zisizopewa LPS: 31 lazima ififie au ipotee, na 55 ikibaki vile vile, basi si IL-1β.

Watu hukimbilia kuizuia kingamwili kwa peptidi yake. Mimi siuoni huo kuwa ushahidi wa kutosha, kwa sababu peptidi huzuia pia mshiko wa makosa. Seli zilizoondolewa jeni ya IL-1β ndizo hukumu.

Jaribu pia kuizimua kingamwili 1:500, 1:1000, 1:2000 na 1:5000 kwenye vipande vya utando mmoja. Mara nyingi mstari wa ziada hufifia mapema kuliko wa kweli. Ilaze na utando usiku kucha kwenye nyuzi 4: "joto la chumba" la maelekezo ni nyuzi 20 hadi 25, si 31 za Chake mchana.

BintiChake
Ahsanteni sana. Karatasi inasema 117 hadi 269. Na kuihifadhi je, umeme ukikatika?

MwanaKinga_Unguja
Hapo sawa, hicho ndicho kipande cha 17. Kama ina gliseroli asilimia 50, haigandi kwenye −20, iache kwenye kichupa chake. Kama haina, igawe mikrolita 10 kila mrija, mrija ukiyeyuka usiugandishe tena. Usiiweke kwenye friza inayojiyeyushia barafu yenyewe, hiyo huipasha na kuigandisha kila siku. Sodiamu azidi (dawa ya kuzuia bakteria) ni sawa kwenye kingamwili ya kwanza, lakini isiingie kwenye ya pili yenye HRP, kimeng'enya kinachotoa ishara, hukiua.

Andika namba ya toleo kwenye kila mrija. Likija toleo jipya, damu ni ya sungura mwengine au ya siku nyengine, kwa hiyo lipime sambamba na la zamani kwenye sampuli moja kabla hujalimaliza la zamani.