Filamu fupi ya Vita vya Kagera, tunaipigia Mwanza: bunduki, milipuko na makosa ya kuepuka

dagaa_kirumba:
Wakuu, tunatengeneza filamu ya dakika 15 kuhusu Vita vya Kagera. Bajeti haitufikishi Kyaka, kwenye Mto Kagera wenyewe, kwa hiyo kila kitu tunapigia hapa hapa Mwanza. Handaki tutachimba kwenye shamba huko Luchelele, kuvuka mto tutaigiza ziwani kwenye matete, na mtaani tutapiga Kirumba. Waigizaji ni sita, kamera ni mbili, zinafika fremu 50 kwa sekunde. Bunduki tuchonge au tununue za plastiki? Mlipuko unafanywaje bila kumuumiza mtu? Na ni kipi hasa kinachofanya filamu za vita za hapa kwetu zionekane za uongo? Wazee waliopigana bado wapo, hatutaki watucheke.

Mbao_na_Msumeno:
Chongeni. Ya plastiki inang'aa, halafu ni nyepesi mno, muigizaji anaishika kama fimbo ya kuchungia ng'ombe. SMG, yaani AK-47, ina urefu wa karibu sm 87, na magazini ikijaa inazidi kilo 4. Uzito huo ndio unaolegeza mabega ya askari aliyetembea siku nzima, na huwezi kumfundisha mtu kuuigiza.

Gundisha plaiwudi mbili za mm 18 upate unene wa mm 36, chora umbo, kata. Chimba mfereji katikati kabla ya kugundisha, laza humo nondo ya mm 12 kuanzia kwenye kitako hadi kwenye mdomo wa mtutu. Mita moja ya nondo hiyo ni kama gramu 890. Magazini iache wazi ndani, ijaze mchanga mkavu, ziba. Hutafika kilo 4 lakini 3 unazikaribia. Nondo inayochungulia mbele ivishe bomba jembamba la waya za umeme, kwa sababu kamera ikisogea ile mistari ya nondo inaonekana waziwazi. Kwenye chuma paka rangi nyeusi isiyong'aa, ikikauka sugua kingo kwa kitambaa chenye unga wa penseli. Kitako na sehemu ya kushikia zibaki rangi ya mbao. Mbili tu zichongwe hivi kwa picha za karibu. Za watu wa nyuma hata ubao mmoja unatosha.

Sasa makosa. Magazini ya SMG ni risasi 30, na kwa mfululizo inapiga kama risasi 600 kwa dakika. Maana yake ukibana kifyatulio bila kuachia, sekunde tatu imekwisha. Nyota wa filamu anayemimina sekunde kumi bila kubadilisha magazini ndiye anayewachekesha wazee. Afyatue mbili, tatu, aache. Swichi ya kuchagua namna ya kupiga iko upande wa kulia: juu kabisa imefungwa, katikati ni mfululizo, chini ni moja moja. Mkono wa kukoki nao uko kulia. Na asiyepiga asiweke kidole kwenye kifyatulio.

Kabla ya siku ya kupiga picha, mbali na kibali cha Bodi ya Filamu, pelekeni barua polisi na kwa mwenyekiti wa mtaa, yenye tarehe, saa na idadi ya bunduki za mbao. Zisafirishwe zimefungwa kwenye turubai. Mtu akiona mitutu inachungulia kwenye bodaboda hatauliza kama ni sanaa.

Mkata_Fremu:
Nimalizie kwa upande wa mezani, kwenye uhariri. Mwako wa mtutu hauzidi fremu moja. Ukiuacha fremu tatu unakuwa taa ya disko. Kwa fremu 25 kwa sekunde na kasi hiyo ya risasi 600, mwako unakuja kila baada ya fremu mbili na nusu, kwa hiyo acha nafasi ya mbili, halafu tatu, mbili, tatu. Mchana wa jua kali mwako hauonekani sana, usiulazimishe. Mtikiso wa bega na vumbi mbele ya mtutu vinatosha.

Mlipuko: petroli hapana, baruti hapana, hata fataki hapana. Chekecha udongo mkavu mpaka pasibaki kokoto, jaza mabeseni mawili, watu wawili walale kwenye shimo nje ya picha warushe juu kwa pamoja kwa hesabu. Piga kwa fremu 50, cheza kwa 25, vumbi linapata uzito. Warushaji wavae miwani ya fundi wa kuchomelea, ile ya kioo cheupe ya kusagia. Msitumie unga wa ngano wala vumbi la mkaa kama kuna moto karibu, maana vumbi laini likielea hewani linashika moto lote kwa mpigo. Moto wenyewe ongezeni kwenye kompyuta.

Lakini kinachouza mlipuko ni sauti kuchelewa. Sauti inakwenda kama mita 340 kwa sekunde. Kombora likianguka mita 700 kutoka kwenye handaki, moshi unaonekana kwanza, na mshindo unafika baada ya sekunde mbili, yaani fremu 50. Filamu nyingi huweka vyote pamoja. Jaribu kuchelewesha uone waigizaji wanavyopata muda wa kutazamana kabla ya kishindo. Hapo ndipo hofu inapokaa.

Mlio wa bunduki upangwe kwa tabaka: chuma kugonga chuma, mshindo mfupi mzito, halafu mkia wa mwangwi. Mkia mnao bure. Gonga mbao mbili katikati ya miamba ya Mwanza, rekodi mwangwi unaorudi. Mazungumzo yarekodiwe asubuhi. Mchana upepo wa ziwa ukianza, maiki isiyo na manyoya inarudisha mavumo matupu.

Mkitaka BM-21, mtambo wa kurushia roketi uliobatizwa Saba Saba, msiionyeshe. Ina mitutu 40 na inaweza kuimaliza yote kwa sekunde kama 20, roketi mbili kila sekunde. Kamera ikae kwenye uso wa askari aliye nyuma, sauti ipite juu yake.

kamongo_igogo:
Wamejibu vizuri, ila mtaanguka kwenye mambo madogo. Vita vilianza mwishoni mwa Oktoba 1978. Wakati huo hakuna Mkoa wa Kagera, ni Mkoa wa Ziwa Magharibi. Geita ni wilaya, Mwanza si jiji (limekuwa jiji mwaka 2000), na chama ni CCM, kwa sababu TANU na ASP ziliungana Februari 1977. Sebuleni msiweke televisheni. Weka redio, na sauti ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Mtu wa kawaida anamwita adui, Idi Amin wa Uganda, "nduli", neno lililotoka kwa Mwalimu mwenyewe.

Ziwani kuna mtego mbaya zaidi: magugu maji. Hayakuwepo. Yalianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mkipiga ufukwe uliojaa yale majani ya kijani yenye maua ya zambarau, mzee wa Igombe atajua kabla muigizaji hajafungua mdomo. Wavuvi wa dagaa usiku wawe na karabai, si taa za sola. Daraja la Kigongo–Busisi, minara ya simu, mabati ya rangi na matangi ya plastiki, vyote nje ya fremu.

Sare: msivae kombati za JWTZ. Raia haruhusiwi, na mwaka 2023 jeshi lilitoa siku saba wenye nazo wazisalimishe. Njia rahisi ni kuwafanya wahusika wenu wanamgambo, ambao kweli waliingia vitani kwa wingi. Kitambaa cha kaki, fulana iliyopauka, viatu visivyolingana. Vaeni, fueni, vaeni tena wiki nzima kabla ya kupiga. Nguo mpya ina mikunjo ya dukani, na kamera haiisamehe.

Halafu matete. Kwenye maji ya kina kifupi yenye majani ndiko konokono wa kichocho wanakokaa, na vijidudu hutoka zaidi jua likiwa kali. Kulaza watu humo saa moja kwa ajili ya picha ya sekunde nane si akili. Picha ya mbali ipigeni kutoka kwenye mtumbwi, askari wakiwa kwenye mtumbwi mwingine. Ya karibu tandikeni turubai nchi kavu, mita 3 kwa 2, kina sm 25. Hiyo ni lita 1,500, mapipa saba na nusu ya lita 200. Maji yakiwa ya ziwa, yachujeni na yakae siku mbili bila konokono kabla mtu hajaingia. Chomekeni matete yaliyokatwa pembeni, tope kidogo, kamera chini.

dagaa_kirumba:
Magugu maji! Tulikuwa tumeshachagua ufukwe kwa sababu yanapendeza. Tunahama. Mkuu kamongo, script ina vita mbili kubwa Uganda, Masaka na Lukaya. Tuziache?

kamongo_igogo:
Lukaya na watu sita? Acheni. Mwanza ina kisa chake. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuwa upande wa Amin, aina ya Tu-22 ilitumwa kulipua ghala la mafuta hapa mjini. Ilikosa, ikapiga kisiwa cha Saanane, wakafa swala. Hiyo inahitaji redio, karabai, sauti ya injini na nyuso sita zinazotazama juu. Kisiwa mnakiona kutoka Capri Point, nauli ya daladala tu.

Mkata_Fremu:
Mkiifanya hiyo, kumbukeni fremu zangu za kuchelewa. Toka hapo mlipokaa mpaka kisiwani pimeni umbali kwa ramani ya simu, gawanyeni kwa 340.