Nihifadhije maji ya kutengenezea mvinyo wa rozela wakati maji ya bomba ni ya mgao?

Mkazi wa Isamilo

Wanajukwaa, heshima zenu. Ninaishi mlimani Isamilo, hapa Mwanza, ambako maji ya bomba hayatoki kila siku, hivyo nyumba nzima inategemea simtanki jeusi la lita 1,000 pamoja na madumu tunayoyajaza maji yanapotoka. Maji hayo hayo ndiyo ninayotengenezea mvinyo wa rozela kwa matumizi ya nyumbani. Kinachonisumbua ni kwamba nikitumia maji yaliyotoka bombani siku hiyo hiyo, mvinyo hunuka kama plasta ya kidonda. Nikitumia yaliyokaa muda mrefu kwenye tangi, harufu hiyo haipo, lakini juu huota utando mweupe na ladha huelekea kwenye siki. Naomba kuelekezwa namna ya kuyahifadhi maji ya kazi hii, na kama ni salama kuchota ziwani pale ninapokosa kabisa.

Fundi wa Mkolani

Ndugu mleta mada, hayo ni matatizo mawili yenye asili tofauti, na dawa ya moja huweza kulichochea jingine.

Harufu ya plasta inatokana na klorini inayotiwa majini ili kuua vijidudu. Klorini ikikutana na fenoli, yaani kemikali za asili ambazo zimo katika rozela na nyingine huzalishwa na hamira wakati wa kuchacha, huzaa klorofenoli, kitu ambacho ulimi hukitambua hata kikiwa kidogo mno, na kikishaingia kwenye mvinyo hutakitoa. Maji yaliyokaa kwenye tangi yameshapoteza klorini, ndiyo maana hayatoi harufu hiyo. Lakini klorini ndiyo iliyokuwa inayalinda, na ikishaisha, chochote kilichopenya mfunikoni au kilichojificha katika ule utelezi wa kuta za tangi huanza kuzaliana bila kizuizi.

Kwa hiyo usihangaike kuyafanya maji ya tangi yabaki safi kwa kiwango cha mvinyo, kwa sababu hilo haliwezekani katika chombo kinachofunguliwa na kila mtu. Litunze tangi kwa kiwango cha maji ya nyumbani, kisha maji ya mvinyo yachemshe siku ile ile ya kazi. Mwanza iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hivyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Hata hivyo, dakika moja ya kutokota kikamilifu inatosha kuua vijidudu vya maradhi. Mimi huyaacha yatokote dakika 15, sufuria ikiwa wazi, ili klorini nayo iondoke. Baada ya hapo yafunike yapoe humo humo. Ukiyahamishia kwenye dumu ili yapoe haraka, dumu hilo ndilo litakaloyachafua upya, nayo hayana tena kinga yoyote.

Kuhusu utando mweupe, sina hakika kwamba maji ndiyo yenye hatia. Bakteria wa siki wanahitaji hewa, na huletwa na vijinzi vya matunda, upawa usiosafishwa au ndoo iliyojazwa nusu. Jaza chombo hadi karibu na shingo, kifunge, na gesi itoke kwa mpira mwembamba ambao ncha yake imezama katika chupa ya maji. Wale wadudu wadogo wa ziwani wanaopanda kwa makundi nao hawafai kupata upenyo wowote.

Mama wa Kirumba

Ushauri wa kuchemsha ni mzuri, lakini mkaa na gesi vina bei, na si kila mmoja anaweza kutokosha lita 40 kwa robo saa. Klorini huondoka pia ukiyaacha maji kwenye ndoo pana, iliyofunikwa kwa kitambaa safi, kwa siku nzima. Isitoshe, rozela yenyewe tunaichemsha, kwa hiyo maji na maua vikichemka pamoja kazi zote mbili zinakwisha kwa moto mmoja.

Fundi wa Mkolani

Mama, kuyalaza kwenye ndoo nakubaliana nako. Kuchemsha pamoja ndiko ninakokupinga, kwa sababu maua yakiingia kabla klorini haijatoka, klorofenoli hutengenezwa humo humo jikoni. Maji yatokote kwanza, au yalazwe kwanza, ndipo maua yafuate.

Afisa Afya Mstaafu

Nijibu suala la ziwa, maana hapo hatari ni kubwa kuliko ladha. Kichocho kipo ziwani, ila viluwiluwi vyake hufa kwa moto, na hata bila moto havivuki saa 48 bila kumpata mtu wa kumwingia. Shabu nayo husaidia kuzamisha tope. Ninachokiogopa ni ule ukijani unaotanda katika Ghuba ya Mwanza nyakati fulani. Baadhi ya viumbe vinavyouleta hutoa sumu inayoitwa mikrosistini, ambayo hudhuru ini na haiharibiwi kwa kuchemsha. Moto huzipasua seli na kuiachia sumu ndani ya maji. Maji yenye rangi hiyo usiyatumie kwa mvinyo, chai wala uji, hata ukiyachuja kwa kitambaa mara ngapi. Ukikosa ya bomba, ni heri maji ya mvua, mradi mvua ya mwanzo uiache ioshe bati kwanza, kwa sababu korongo na kunguru wa mji huu hawaachi paa likiwa safi.

Tangi nalo lisuguliwe kabla ya kutiwa dawa, kwa kuwa uchafu huimaliza klorini kabla haijafanya kazi. Bomba la kutolea maji ya ziada lifungwe wavu wa kuzuia mbu.

Mkazi wa Isamilo

Nawashukuru sana. Nina jiki isiyo na manukato, iliyoandikwa asilimia 3.5. Kwa tangi la lita 1,000 niweke kiasi gani?

Afisa Afya Mstaafu

Kwa kuua vijidudu vya tangi tunalenga miligramu 50 za klorini kwa kila lita, ambazo kwa lita 1,000 ni gramu 50. Lita moja ya dawa yako ina gramu 35, kwa hiyo utahitaji karibu lita moja na nusu. Jaza tangi, koroga, fungua kila koki mpaka harufu ya klorini isikike, kisha funga na uache usiku kucha. Maji hayo hayanywewi na mtu wala mfugo. Asubuhi yamwage yote na usuuze mpaka harufu iishe. Madumu pia yasafishwe hivyo, kwa kipimo cha mililita 30 kwa dumu la lita 20, na usichanganye kamwe dawa hiyo na siki au limau, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Dumu lililowahi kubeba mafuta ya taa au dawa ya shambani halisafishiki kwa kazi hii, litafutie matumizi mengine.