Tun Tun wa sinema za Kihindi: tupeane uzoefu, wewe ulimjuaje?

Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Wale mliokulia kwenye picha za Kihindi, za ukumbini au za kanda za deki, huyu mama hamuwezi kumsahau. Steringi yuko kwenye mapenzi, jambazi yuko kwenye mipango yake, mara anaingia mama mnene, kajipodoa, kope zinacheza, anatembea kama bibi harusi aliyechelewa. Hajafungua mdomo, watu hoi.

Jina lake halisi Uma Devi Khatri. Alizaliwa kaskazini mwa India mwaka 1923, akafariki Mumbai Novemba 2003.

Kilichonifanya nianzishe uzi ni hiki. Nyumbani mama alikuwa na wimbo wake, "Afsana likh rahi hoon", wa filamu ya Dard ya 1947. Ukipigwa redioni, watoto tufyate. Usiku tunamcheka Tun Tun kwenye video mpaka machozi, mchana tunanyamazishwa kwa ajili ya sauti ya Uma Devi, na hakuna aliyejua kuwa ni mtu yule yule! Mama alipoambiwa aligoma. Hadi leo anasema tumedanganywa.

Maisha yake yenyewe ni filamu. Wazazi walimfia akiwa mdogo kiasi kwamba sura zao hakuzikumbuka, kaka yake akauawa, yeye akalelewa kwa ndugu kama mtumishi wa nyumba. Kuimba alijifundisha kwa kusikiliza redio. Akatoroka kwenda Bombay, ndiyo Mumbai ya leo, akabisha hodi kwa Naushad, mtunzi mkubwa wa muziki wa filamu. Inasimuliwa kuwa alimwambia: usiponipa nafasi, najitupa baharini. Naushad akamsikiliza. Wimbo wa Dard ukavuma, na wanasema mumewe, Mohan, aliusikia huo wimbo akafunga safari kumtafuta mwenye sauti.

Halafu mambo yakageuka. Akaja mwimbaji Lata Mangeshkar, watunzi wakaanza kutaka sauti za kupanda juu sana, Uma Devi kashazaa ana familia, kazi ikakauka. Naushad huyo huyo ndiye aliyemwambia jaribu vichekesho. Akakubali kwa sharti kwamba aanze na Dilip Kumar, steringi mkubwa wa enzi hizo. Ikawa Babul, 1950. Jina la Tun Tun nalo inasemekana ni Dilip Kumar aliyembandika.

Haya, karibuni. Mlimjuaje, na alikuachia nini? Na akina dada mlio kwenye fani ya kuchekesha msikae kimya.

Mzee wa Balkoni

Mimi nimemwona kwenye pazia kubwa, si kwenye deki, kwa hiyo nina haki ya kuringa kidogo.

Kijana, ukumbini ilikuwa hivi: jina lake likipita tu kwenye maandishi ya mwanzo, watu wanapiga miluzi. Hilo walikuwa wanafanyiwa masteringi. Mchekeshaji kupigiwa miluzi kabla hajaonekana si jambo dogo, na mwanamke ndiyo kabisa. Enzi hizo wachekeshaji ni akina Johnny Walker, Agha, Bhagwan, Mukri, wote wanaume. Yeye anasimama nao bega kwa bega, na Mukri alivyokuwa mfupi, wakisimama pamoja ukumbi unaanguka.

Lakini nataka vijana mtazame macho yake. Kiti kikivunjika, mchekeshaji wa kawaida anakutazama wewe mtazamaji ili ucheke. Yeye anakitazama kiti. Anakitazama kwa dharau, kana kwamba kimemkosea adabu mbele ya wageni. Anajishika ushungi, anainua kidevu, anaondoka. Hapo ndipo kicheko kilipo, si kwenye kilo.

Nene wa Jukwaani

Mimi "Tun Tun" niliitwa shuleni, na si kwa mapenzi. Nilikuwa mnene, basi. Walioniita hawakuwa wamemwona hata kwenye picha moja, wameokota jina kwa wakubwa. Na huko kwao India ni vivyo hivyo, binti akiwa mnene tu keshapachikwa. Kwa hiyo kwa muda mrefu nilimchukia huyu mama ambaye hata hakunijua.

Baadaye nikaingia kikundi cha maigizo, na nasema haya bila kutaja kikundi. Nilipewa nafasi ya yaya. Igizo lililofuata, yaya. Lililofuata, mama mkwe anayekula sana. Nikiomba nafasi ya mke anayepigania mirathi, naambiwa "watu watacheka." Sasa si ndiyo kazi yetu? Na je, mtu mnene hafiwi?

Hapo ndipo nikarudi kumtazama kwa jicho la fundi. Kuanguka, jamani, kunauma. Mtu akiona mnene kaanguka anadhani nyama zinakinga. Hazikingi kitu. Unatakiwa ushuke kwa paja kwanza, halafu nyonga, halafu bega, kidevu umekibana kifuani, pumzi umeitoa. Ukikosea mpangilio, kesho huinuki. Na usicheze kuanguka, cheza kutotaka kuanguka. Tun Tun alilijua hilo. Mpaka nukta ya mwisho anapigania heshima yake, ndiyo maana inachekesha. Mimi nilijifunza kwake kuchelewesha jibu: umetukanwa, unanyamaza, unamkagua aliyekutukana kuanzia viatu, ndipo unajibu. Watu wanaanza kucheka kwenye ule ukimya.

Simchukii tena. Waandishi wa maigizo ndio nina ugomvi nao.

Kinanda Kibovu

Nipo upande wa muziki. Ule wimbo wa Dard nimewahi kujaribu kuufundisha kwaya ya wakubwa, na ukiusikia unadhani rahisi. Hauna mapambo mengi, hauendi juu. Ugumu wake ni kwamba hakuna pa kujificha: sauti iko wazi, ya puani kidogo, inasema maneno polepole. Ukiongeza madoido tu umeuharibu.

Kwa wasiojua: kwenye picha anayeonekana "akiimba" ni Munawwar Sultana. Uma Devi yuko studio, sura yake haionekani. Ndiyo kazi ya waimbaji wa filamu za kule, unatoa sauti, mwingine anachezesha midomo. Kwa hiyo fikiria: miaka ile watu walipenda sauti yake bila kuona mwili wake. Miaka iliyofuata wakauona mwili, sauti ya kuimba wakaisahau. Hicho ndicho kinachoniumiza mimi, kuliko hata habari ya unene.

Sina Haya

Mnamlilia bure. Mama huyu alifanya kazi miaka kama arobaini, kuanzia Babul ya 1950 hadi mwanzoni mwa tisini. Hesabuni masteringi wa kike walioingia na kutoka muda huo! Ukiwa mrembo wa filamu, uso ukianza kukunjika unapewa nafasi ya mama wa steringi, kisha basi. Yeye alizeeka na kazi mkononi. Mwaka 1982 bado yumo kwenye Namak Halaal na Amitabh Bachchan.

Mtazameni na Manorama wa kusini, wa sinema za Kitamil. Naye alianzia jukwaani, naye mchekeshaji, na Guinness wakamwingiza kwenye kitabu chao cha rekodi kwa filamu elfu moja. Elfu! Ameigiza na watu waliokuja kuwa mawaziri wakuu wa majimbo, akina MGR na Jayalalithaa. Hao wakaacha sinema wakaenda kutawala, yeye kaendelea kuchekesha.

Nene wa Jukwaani

@Sina Haya, kazi nyingi sikatai. Nauliza kazi gani. Manorama alipewa na vya kuliza pia, na aliliza watu kweli. Tun Tun alifungiwa chumba kimoja.

Mgeni Njoo

Samahani wakubwa, mimi nimeangalia vipande vyake na sikucheka. Kila mara ni utani wa mwili. Nimezaliwa juzi labda.

Mzee wa Balkoni

Hujakosea, kijana. Vipande vya mitandaoni vinakatwa pale pa kuanguka tu. Anza na Babul nzima. Kisha nenda kwa dairekta Guru Dutt: yumo kwenye Aar Paar ya 1954, Mr. & Mrs. '55, hata Pyaasa ya 1957, ambayo ni picha ya majonzi na bado dairekta akaona anamhitaji. Namak Halaal iache mwisho, kule anapita tu.

Kinanda Kibovu

Na kabla ya vyote hivyo, sikiliza Dard. Kuna na ule aliopokezana na Suraiya, "Betab hai dil". Suraiya alikuwa nyota wa kuigiza na kuimba, mwenye jina tayari, na Uma Devi anasimama naye mstari kwa mstari bila kutetemeka.

Mwanzisha uzi

Huo wa Suraiya sikuwa nao, nautafuta leo leo. Dada wa Jukwaani, ukipewa ile nafasi ya mirathi tupe taarifa humu, tuje kukaa viti vya mbele. Wengine endeleeni, uzi haujafungwa.