Mgeni anataka nimkate kwenye kadi tatu zenye majina tofauti

Binti wa Rau, Moshi
Wakuu, nina kampuni ndogo ya kupandisha wageni Kilimanjaro. Kuna mgeni anataka njia ya Machame siku 7, watu 6, wiki ijayo. Bei hakuuliza hata kidogo. Ametuma kwa barua pepe namba za kadi tatu zenye majina tofauti, pamoja na zile tarakimu 3 za nyuma. Anataka nikate zaidi ya bei yetu, halafu ile ziada nimtumie "wakala wake wa ndege". Kijana wangu wa ofisini anasema muamala ukipita, hela ni yetu. Mimi moyo unasita. Nikishalipia ada za hifadhi na chakula cha wapagazi, hela ikivutwa nitamdai nani?

Mzee wa Njiro
Binti, usikate hata senti. Muamala kupita maana yake kadi ina salio na haijafungwa, basi. Mwenye kadi akiuona kwenye taarifa yake ya benki atapinga, na kwa Visa na Mastercard muda wa kupinga kwa kawaida unafika siku 120. Benki itavuta hela yote kwako, na ile ziada ya "wakala" imeshaliwa. Huyo mlima hauhitaji, anahitaji hiyo ziada.

Mpe linki ya malipo yenye 3-D Secure, yaani ule uhakiki wa mwenye kadi mtandaoni, ajaze mwenyewe, benki yake imtumie OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja. Akithibitishwa hivyo, dai la "si mimi niliyelipa" kwa kawaida hubebwa na benki iliyotoa kadi. Ila wageni wa Marekani wengi hupita bila OTP, huko hawajalazimishwa kama Ulaya.

Na hiyo barua pepe ifute. Namba za watu hizo!

Kijana wa Sakina
Nyongeza: OTP haikukingi mgeni akidai hakuhudumiwa. Tunza mkataba aliosaini na nakala ya kibali cha getini.

Binti wa Rau, Moshi
Shikamoo mzee. Linki ameikataa, anang'ang'ania nikate leo leo. Nimemkatalia, wapagazi nimewaruhusu wachukue kazi nyingine. Sasa kwa wageni wengine, nitajuaje kama mtu amethibitishwa?

Mzee wa Njiro
Marahaba. Kwenye ripoti ya miamala tafuta ECI, namba inayoonyesha kama mwenye kadi alihakikiwa. Visa ikiwa 05, au Mastercard 02, amethibitishwa. Ukiona 07 ya Visa au 00 ya Mastercard, hajathibitishwa, usilipie ada ya hifadhi kwanza. Mwombe atume hela kwa benki.