Kuua samaki wa kuuza: rungu, msumari au deli la barafu?

Sahare_Leo (mwanzisha mada)
Habarini wakuu. Nataka kuanza kuuza samaki waliouliwa vizuri na kuparwa kabisa, si hawa wa kufia kwenye ndoo wakitapatapa. Wateja wa mjini Tanga wapo tayari kuongeza kidogo. Hela yangu inatosha kitu kimoja tu: ama deli kubwa la lita 100 nijaze barafu niwatumbukize humo wakiwa hai, ama ile seti ya chuma na waya ya Kijapani inayouzwa mtandaoni, ama nichonge rungu hela ibaki. Kipi bora?

KisuButu
Bora kwa samaki gani? Changu wa mshipi, perege wa bwawa, jodari? Wana uzito gani? Wangapi kwa siku? Na wanakufikia wakiwa hai au wamekata roho zamani mtumbwini? Kama wanafika wamekufa, habari ya rungu na msumari haikuhusu, wewe shughulika na barafu tu. Rudi na maelezo.

BintiMkinga
Wakati tunamsubiri: samaki chini ya kilo moja, rungu. Usitafute makuu. Mti mgumu, urefu futi moja, unene wa mpini wa jembe, uzito usipungue nusu kilo. Mlaze samaki juu ya gunia lililoloweshwa, mfunike macho kwa kitambaa chenye maji, gizani hutulia. Mshike nyuma ya kichwa, piga mara moja kwa nguvu, nyuma ya macho na juu kidogo. Si puani wala shingoni. Ukipiga kwa kusitasita unamwumiza bure, na damu inavilia machoni. Mteja akiona jicho jekundu anasema samaki kachina.

Kujua kama kazimia kweli: kifuniko cha shavu kimeacha kupanda na kushuka. Halafu mbiringishe ubavu huu na huu. Mwenye fahamu, jicho lake hujirudi likitafuta usawa. Aliyezimia, jicho hugeuka pamoja na kichwa kama limegandishwa. Mkia kutikisika peke yake si hoja, hiyo ni mishipa ya uti. Jicho likicheza, rudia palepale. Kisha kata matamvua pande zote mbili mara moja, usiende kujibu simu kwanza, maana aliyezimia huweza kuzinduka.

Spoku14
Rungu ni sawa kwa mwenye shabaha. Mwenye mkono mzito ajifunze msumari, yaani kuchoma ubongo kwa chuma chenye ncha, Wajapani wanaita ikejime. Na seti usiagize, ni kupoteza hela. Bisibisi nyembamba ikinolewa ncha kwa tupa inatosha, na waya ni spoku ya baiskeli isiyoshika kutu.

Vuta mstari kwa macho kutoka katikati ya jicho hadi pembe ya juu ya kifuniko cha shavu. Ubongo uko nyuma ya jicho, juu kidogo ya mstari huo, katikati ya kichwa. Choma, zungusha kidogo. Ukiupata, mdomo unaachama, mapezi yote yanasimama, mwili unatetemeka, halafu unalegea wote. Usipoona hivyo hujaupata, toa chuma usogeze. Jodari ana alama yake: doa lililopauka juu ya kichwa katikati, ndipo pa kuingilia.

Damu: kata matamvua, mwinamishe kichwa chini ndani ya ndoo ya maji ya bahari dakika 5 hadi 10. Moyo unaendelea kupiga kwa muda hata ubongo ukishakufa, ndio unaosukuma damu nje. Mwisho pitisha waya kwenye tundu la uti. Ukikata mkia utaona matundu mawili: la juu ya mfupa ni la uti, la chini ni mshipa wa damu. Wengi wanapitisha la chini halafu wanasema waya haufanyi kazi!

Faida ya waya ni kwamba misuli haipokei tena amri ya kukukuruka. Samaki aliyehangaika anamaliza akiba yake ya nguvu, nyama inajaa asidi, anakakamaa mapema, na ukija kukata minofu inaachana vipande vipande.

BintiMkinga
Perege wa robo kilo unampitishia waya wa nini, kaka? Ukiwa na mia utakuwa hapo mpaka adhuhuri, na wale wanaosubiri zamu kwenye ndoo ndio wanaokosa hewa. Huruma kwa mmoja, mateso kwa tisini na tisa.

Spoku14
Perege sikusema waya. Perege ni kuchoma na kukata. Waya ni kuanzia kolekole wa kilo moja kwenda juu. Na wanaosubiri hawakai kwenye ndoo, wanakaa kwenye wavu ndani ya maji yao, unatoa mmoja mmoja.

Mzee_Ngalawa
Vijana mnajichosha. Samaki hachinjwi. Dini imeshasema maji ya bahari ni tohara na maiti yake ni halali. Watie kwenye barafu, wanalala wenyewe. Deli nunua, mwanangu.

Ustadh_Kwaminchi
Shikamoo mzee wangu. Hachinjwi, kweli, wala hakuna anayesema ni haramu akifa mwenyewe. Lakini hilo ni suala la uhalali wa kula. Kumtendea wema kiumbe anapouawa ni suala jingine, na Mtume (S.A.W.) ameamrisha ihsani katika kila kitu, hata kunoa kisu na kumpumzisha mnyama.

Mzee_Ngalawa
Marahaba. Hiyo ni ya mnyama wa kuchinjwa. Samaki hana sauti, utajuaje anaumia?

KisuButu
Mzee, hilo limeshapimwa. Mwaka 2003 watafiti wa Uingereza wakiongozwa na Lynne Sneddon walidunga midomo ya samaki aina ya trauti kwa sumu ya nyuki na wengine kwa asidi ya siki. Samaki waliacha kula kwa muda mrefu, waliyumbayumba, na wale wa siki walisugua midomo kwenye changarawe. Waliodungwa maji ya chumvi tu hawakufanya hivyo.

Na barafu haiwalazi kama inavyodhaniwa. Mwili unapoa polepole kuanzia nje, fahamu inabaki kwa dakika nyingi, hasa aliye mkubwa. Kinachokoma haraka ni kujitikisa, ndiyo maana mtu anadhani kafa. Kanuni za Shirika la Afya ya Wanyama Duniani kuhusu samaki wa kufugwa zimetaja barafu, hewa ya kaboni, kuachwa nje ya maji, chumvi, na kukata damu bila kumzimisha kwanza, zote katika njia mbaya kwa samaki. Barafu ni ya kuhifadhi. Kuua ni kazi ya kichwani.

Sahare_Leo
Samahani kwa kuchelewa. Ni perege wa gramu 250 hadi 400 na kambale wa kilo moja hivi, kutoka bwawa la jamaa huko Pongwe. Kama kilo 40 kila Ijumaa. Mara chache kolekole wa mshipi wakiwa hai. Kambale huwa tunawamwagia chumvi na majivu, wanakufa na ute unatoka kwa pamoja.

KisuButu
Hilo la chumvi ndilo uache kwanza kabla hujanunua chochote. Kambale ana kiungo cha kupumulia hewa juu ya matamvua, nje ya maji anaishi saa nyingi, kwa hiyo na chumvi yako anakufa polepole sana. Ute utautoa akishakufa, kwa chumvi hiyohiyo au maji ya moto kidogo ukikwangua na mgongo wa kisu.

Rungu kwa kambale nalo lina shida, fuvu lake ni pana na gumu kama sahani ya chuma. Piga kumlegeza, kisha choma papo hapo. Utosini, katikati, kuna nafasi zisizo na mfupa. Zipapase kwa kidole, bisibisi inaingilia hapo. Kabla ya yote mshike kwa gunia, maana miiba ya mapezi ya kifuani inafunga wima na inachana kiganja.

Halafu mwambie jamaa wa Pongwe asiwalishe siku moja hadi mbili kabla. Utumbo ukiwa mtupu hauchafui nyama unapopasua. Na wakiwa na harufu ya tope, ni ya maji ya bwawa. Waweke kwenye maji safi yanayobadilishwa siku kadhaa. Ndimu inaipunguza tu, haiimalizi.

Mpara_Deep_Sea
Naona wote mmekazania kuua, kupara hamna anayesema. Para magamba kabla ya kupasua, tumbo likiwa limejaa ngozi inakaza. Toka mkiani kwenda kichwani. Pasua kuanzia tundu la haja kuja kooni, makali ya kisu yatazame juu, ncha tu iingie. Nyongo iko kwenye ini. Ikipasuka, kata kipande kilichoguswa, kuosha hakusaidii. Perege ana utando mweusi tumboni, usugue wote utoke, una uchungu. Chini ya uti wa mgongo kuna ukanda wa damu, uchane kwa kisu, ukwangue na kijiko. Hapo ndipo samaki anapoanzia kuoza. Matamvua toa yote. Suuza kwa maji baridi ya chumvi kidogo, usiloweke kwenye maji ya bomba, nyama inanyonya maji na inapauka.

Tasi ukimpata, kata miiba kwa mkasi kwanza. Ina sumu hata akiwa amekufa. Ukichomwa, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuvumilia.

Spoku14
Kwa kolekole na jodari zingatia ubaridi kuliko hata namna ya kuua. Mgahawa mmoja wa pwani, jina tuliache, ulinunua jodari aliyechomwa vizuri, damu imetoka yote, nyama nyekundu safi. Kosa: alilala chini ya makuti bila barafu tangu alfajiri hadi mchana, ndipo akatiwa kwenye deli. Hakunuka, hakulegea. Akakaangwa, watu wakala. Haikupita nusu saa nyuso zikawaiva, vichwa vikauma, ngozi ikawawasha, moyo mbio. Wengine walisema ulimi ulihisi pilipili na pilipili haikuwekwa. Lawama zote zikaenda kwenye mafuta ya kukaangia.

Haikuwa mafuta. Jodari, nguru, vibua na jamii yao wana kitu kwenye nyama ambacho bakteria wakipata joto hukigeuza histamini, kemikali inayoleta dalili hizo. Ikishatengenezeka, barafu haiondoi na moto hauichomi. Dawa ni kumshusha chini ya nyuzi 4 mapema na abaki hapo. Kwa hiyo mpishi alikaanga vizuri kabisa samaki ambaye alishaharibika saa nne kabla.

Mzee_Ngalawa
Si ndiyo nilisema deli?

BintiMkinga
Ulisema deli la kuulia, babu.

Chongoleani_Boy
Mnabishania msumari wakati wengine wanauziwa wa baruti. Mpara, hebu waambie wanavyotambulika.

Mpara_Deep_Sea
Nje hana jeraha, ndani damu imetapakaa tumboni, kibofu cha hewa kimepasuka, uti umevunjika au mbavu zimeachana na nyama. Huyo hata ukikata matamvua hatoi damu. Na ni kosa kwa Sheria ya Uvuvi ya 2003, kumvua hivyo na kumuuza.

Chongoleani_Boy
Na pweza je? Pale pwani wanampigiza mwambani akiwa hai.

Spoku14
Kupigiza ni kwa kulainisha, afanyiwe akishakufa. Choma kati ya macho mawili, ubongo upo hapo. Mikono itaendelea kujikunja, usishtuke, sehemu kubwa ya mishipa yake ya fahamu iko mikononi.

KisuButu
Wenye hoteli waulizwe pia kuhusu kamba kochi. Uswisi tangu 2018 ni marufuku kumtia kwenye maji yanayochemka bila kumzimisha kwanza.

Mzee_Ngalawa
Uswisi wana bahari?

Sahare_Leo
Wakuu, tumeenda mbali. Basi bisibisi nanoa, rungu nachonga. Deli la lita 100 linanitosha kilo 40?

KisuButu
Halitoshi. Kwa joto la Tanga hesabu kilo ya barafu kwa kilo ya samaki, barafu iliyopondwa. Ya bonge ina kona zinazochubua nyama. Kilo 40 za samaki, kilo 40 za barafu, lita 20 za maji ya chumvi, tayari limefurika. Nunua mawili ya lita 70.

Spoku14
Au moja la 100 na upeleke kwa awamu mbili. Kilo 20 kila safari, lina nafasi.

BintiMkinga
Na hao wa awamu ya pili wanangojea wapi?